Ufunguo wa Ngome ya Mwokaji

3 Machi
Mdogo wangu,
Hujambo? Kifua kimepona? Mimi mzima, ila meza imejaa simu zilizopasuka vioo na akili yangu yote iko kwenye mchezo wetu wa mtandaoni. Siku ya nne leo Mwokaji haonekani. Kiongozi mzima, mshirika wetu, kimya! Anatupangia kitu yule, nakuapia. Tulipoungana alikukabidhi wewe ufunguo wa ngome yake. Ingia uichome kabla hajatuwahi.
Kaka yako

4 Machi
Shikamoo kaka,
Kifua kimeachia, nakohoa asubuhi tu. Sasa usipandishe hasira: sichomi. Mkewe Mwokaji kajifungua kabla ya siku zake, mwenyewe anashinda hospitali. Aliniambia mimi peke yangu. Na ule ufunguo niliupokea kwa kiapo, viongozi wote wakisikia. Ukisema twende kwa joka natangulia mimi. Hili hapana.
Mdogo wako

5 Machi
Mdogo wangu,
Salamu baadaye. Akwambie wewe kwa nini, asiniambie mimi? Tangu lini mna siri? Nani alikufanya naibu wa kundi letu, mimi au yeye? Hospitali! Hata mimi ningesema hospitali.
Kaka yako

8 Machi
Kaka,
Shikamoo, kama inafaa. Mchana nimeacha cherehani, nafungua mchezo, nakuta ngome ya Mwokaji majivu. Taarifa inasema lango nimefungua mimi. Mimi! Saa hiyo napiga pasi sare za shule! Nywila yangu ya kuingilia mchezoni ulinitungia wewe siku uliyonisajili, na sijawahi kuibadilisha. Ningeibadilisha kwa nini, si kaka yangu?
Kesho baraza la viongozi wananihoji.
Mdogo wako

10 Machi
Mdogo wangu,
Hujambo? Nilikuwepo barazani, uliniona. Mara tatu wamekuuliza nani mwingine ana nywila yako. Ukajibu, "Sijachoma mimi, na simtaji mtu." Wakakutoa kundini. Sasa niambie, umenificha kwa nini? Unataka nini kwangu? Mtu hafungi mdomo bure. Unanitegea.
Kaka yako

14 Machi
Mdogo wangu,
U mzima? Mama anasema unakula vizuri, unacheka na mafundi wenzako, ila nikitajwa tu unatoka nje. Nangoja uniumbue, huniumbui. Tukana basi, nijue moja!
Kaka yako

19 Machi
Mdogo wangu,
Natumai hujambo. Mwokaji amerudi. Mtoto ni mdogo kama kiganja lakini ananyonya. Nilijiandaa kwa matusi, yeye kaniuliza tu, "Naibu wako alipatwa na nini? Nilimwamini sana."
Nimewaambia baraza yote, nywila na moto. Wamenifukuza, kundi lina kiongozi mwingine. Wewe wamekurudishia jina na cheo. Tangu asubuhi natazama orodha ya walioingia, jina lako haliwaki.
Mimi usinijibu. Ila Mwokaji ananiuliza kila siku kama utarudi, na sijui nimwambie nini.
Kaka yako