Kazi ya Kiingereza Ng'ambo ya Tunduma

Jumatatu, 4 Oktoba 1954. Itaka.
Nimesahihisha madaftari ya darasa la nne mpaka mkono umeuma. Mchana amepita msimamizi wa shule za misheni ya ng'ambo, yuko njiani kurudi Rodeshia. Wanatafuta mwalimu wa Kiingereza katika shule mpya, nje kidogo ya Tunduma, upande wa pili wa mpaka. Kulekule aliko Lameki, mume wangu, na useremala wake. Mwaka wa pili huu tunaonana Krismasi tu. Jibu anataka Jumamosi, pale Tunduma. Nimeunguza maharage kwa furaha.

Jumatano, 6 Oktoba.
Mwalimu Eliya, mwenzangu hapa shuleni, amenigombeza. Eti nimeipokea kazi kama mtu aliyeitwa kula. Yeye alifundisha migodini Rodeshia. Alipofika, cheti chake hakikutambuliwa, wakamfanya msaidizi. Nyumba haikuwa na paa. Kasema niulize habari za cheti, nyumba, mkataba, nauli ya kurudi, na mwalimu aliyetangulia aliondoka kwa nini. Sikupenda kusikia. Ila ana haki.

Jumamosi, 9 Oktoba. Tunduma.
Nimepanda lori la maharage kutoka Mlowo. Vumbi mpaka kwenye meno. Nimemwuliza msimamizi kila kitu. Cheti kinatambuliwa. Nyumba ina bati. Mkataba wa mwaka, nauli ya kurudi juu yao. Aliyetangulia hakuna, shule ndiyo kwanza inaanza. Watoto wanaongea Kibemba na Kinamwanga. Kinamwanga nakisikia, Kibemba nitajifunza. Amecheka, kasema hata wakaguzi hawaulizi hivyo. Nimekubali. Nimerudi na kichwa kikubwa.

Jumanne, 12 Oktoba.
Wifi Ruti amekuja kutoka ng'ambo, ameleta karanga kuuza Mlowo. Nikamtangazia kazi yangu. Naye akanipa habari. Baba mkwe amepewa kufundisha Biblia shuleni hapohapo. Kila siku.
"Wifi, darasa ni moja na mlango ni mmoja," kasema. "Mtapishana wapi?"
Kwetu Wandali mke hakutani na baba wa mumewe. Nikimwona njiani naingia majanini mpaka apite. Tangu niolewe sijatazamana naye. Nimeuliza habari za bati, sikuuliza nani mwenzangu kazini. Mjinga mimi.

Jumatano, 13 Oktoba.
Nikijitoa, ni Krismasi hadi Krismasi. Nikienda, namvunjia mzee heshima mbele ya watoto wa watu. Na mzee mwenyewe hana kosa, mtu mwema. Mwalimu Eliya anasema mambo hayo migodini watu wameshayaacha. Mimi siendi migodini, naenda kwa wakwe zangu. Ruti ameondoka leo. Nimemtuma amwambie Lameki kwamba siji, na sababu yake. Nina hasira na kila mtu.

Jumapili, 17 Oktoba.
Kanisani sikuimba.

Jumamosi, 23 Oktoba.
Ruti amerudi na karanga nyingine, na habari. Lameki alimweleza baba yake. Mzee akamaliza ugali wake. Akanawa. Kisha akamwambia Lameki achukue vyombo vyake vya kazi, wakaenda kwa msimamizi kuomba ruhusa, na kutoka hapo shuleni. Wametoboa ukuta wa nyuma, wametia mlango wa pili. Biblia itakuwa asubuhi kabisa. Akimaliza anatokea nyuma, ndipo mimi niingie mbele.
Ruti kasema mzee alimpa neno aniletee, na alilirudia mara mbili ili yeye Ruti asilisahau: "Mwambieni mwalimu, mlango wake ni ule wa upande wa jua."
Mwalimu. Siku zote mimi kwake ni mke wa Lameki. Nimelia mbele ya Ruti bila aibu. Nakwenda.

Jumatatu, 17 Januari 1955. Ng'ambo.
Mvua tangu alfajiri. Lameki amechemsha chai mwenyewe, sukari nyingi mno, nimeinywa yote. Nimesimama barazani kwetu mpaka nikasikia watoto wamemaliza wimbo na mlango wa nyuma umefungwa. Nikaingia kwa mlango wangu. Ubao umefutwa. Sakafu imefagiwa mpaka pembeni, na watoto wote wana matope miguuni. Nimeuliza zamu ya kufagia ilikuwa ya nani. Msichana wa mbele kasema leo hakukuwa na zamu, amefagia Mzee.
Nimeandika tarehe ubaoni. Tumeanza na salamu.