Wifi, Goti Siyo Sababu

Wifi yangu Skolastika,

Yaani goti. Umekaa Dar es Salaam kwa mwanao Otmari, mji mzima ule wenye kila aina ya uongo, na sababu uliyotuletea ni goti. Huna haya. Mara ya kwanza barua yako alinisomea mwalimu, kwa sababu miwani yangu mjukuu aliikalia. Nikaichukua barua nikaisoma tena mwenyewe kwa kidole, nikidhani mwalimu ameruka mstari. Hakuruka. Umeandika kabisa: "Wifi, muda wangu umepita, goti linauma, ubunge tuwaachie vijana." Vijana gani? Anayetajwa sasa ni yule bwana wa mjini anayekuja na gari baada ya mavuno, anagawa kanga na sukari, na akiondoka hata jina la kijiji halijui. Ana mvi kama kaka yako. Huyo ndiye kijana?

Mwezi huu ukiisha, chama kinafunga majina ya wanaoomba ubunge. Jina lako halipo. Vyama sasa ni vingi, kila kitu soko huria, na wewe ndiyo umechagua wakati huu wa kuugua goti. Kwa hiyo nakuandikia, na barua hii haitakuwa na bahasha. Nitampa kondakta wa basi ikiwa wazi hivi hivi, nimwambie anayetaka kuisoma njiani aisome, kuanzia stendi ya Songea mpaka Ubungo. Abiria wakimaliza kucheka ndiyo ikufikie wewe.

Hilo goti nalijua mimi kuliko wewe. Siku naletwa kwenu bibi harusi nilikuwa nimefundwa kwamba wifi ni mume wa kike, ukimkuta unapiga goti kama unavyompigia mumeo. Nikakukuta mlangoni. Ulikuwa kasichana, huna hata kifua, umeshika muwa. Nikapiga goti na mtungi wa maji kichwani. Ukaniacha pale chini mpaka umalize kutafuna. Ukatema kapi, ukaniangalia, ukasema, "Inuka, wifi. Nilitaka kuona kama maji yatamwagika." Hayakumwagika. Siku ile nilijua mambo mawili: kwamba wewe ni mtundu, na kwamba utakuja kutawala watu.

Ukaenda kusoma kwa masista, ukarudi na chaki kwenye nywele. Kaka yako alisema umesoma mpaka umesahau kupika. Ukatukusanya sisi wanawake kwenye ghala la ushirika, katikati ya magunia ya mahindi, tujifunze a, e, i, o, u. Nilikuwa na watoto watano na mikono ya jembe, kalamu ikinishinda kama samaki mbichi. Siku tulipoweza kuunga silabi ulituambia kila mtu aandike neno lake analolipenda. Wenzangu wakaandika mama, wengine maji, mmoja akaandika Yesu akasahau y. Mimi nikaandika "sitaki". Ulicheka mpaka ukakaa juu ya gunia. Ukasema, "Wifi, hili neno linatosha. Mengine ni mapambo." Nimelitumia sana tangu hapo, muulize kaka yako.

Halafu ukaja na habari ya udiwani. Chama kilikuwa bado kimoja, wagombea wawili, mmoja alama ya jembe na mwingine alama ya nyumba. Mwenzako akapata jembe, wewe ukapata nyumba. Kwenye kilabu cha ugimbi walishangilia kana kwamba kura zimeshahesabiwa. Mzee Fulgensi, na ulimi wake ule, alisema, "Mmeona? Hata alama imejua pa kumweka. Nyumbani." Wakamletea kata nyingine ya pombe kwa kusema vile.

Lakini neno lililokuumiza siyo hilo. Ni lile la goti. Fulgensi huyo huyo aliwauliza wenzake, "Akija kuomba kura atatupigia goti au hatatupigia? Akipiga, tutaongozwaje na mtu aliye chini? Asipopiga hana adabu, na mtu asiye na adabu hapewi kata." Maneno hayo yakakufikia. Ukaja jikoni kwangu, ukavuta ungo wa maharage ukawa unachambua mawe. Baadaye ukauliza, "Wifi, nifanyeje?" Nikakwambia kwanza hayo maharage unayachambua vibaya, mawe unayaacha na mazima unayatupa. Ukacheka na machozi yakiwa bado hapo. La pili nilikwambia, mtu wa adabu haogopi kushuka. Basi. Sikuwa na mengine, nilikuwa na chungu mekoni.

Siku ya mkutano tulikaa pale mbele ya ghala, wanaume kwenye viti na mabenchi, sisi chini upande wa pili na watoto wetu. Ukaja na kitenge chako cha bluu. Ukaenda kwa wazee, ukapiga goti, ukawaamkia. Fulgensi akajinyoosha kwenye kiti kama mtu aliyelipwa mahari. Nilimsikia: "Si niliwaambia. Yuko chini."

Ukainuka, ukajikung'uta vumbi. Tukadhani unaenda kwenye kipaza sauti. Ukakipita. Ukaja moja kwa moja upande wetu, ukasimama mbele yangu, mimi mke wa kaka yako, na ukapiga goti.

Mume wa kike kampigia goti mke. Sijawahi kuona, mama yangu hakuwahi kuona. Ukasema, "Wifi, naomba kura yako." Na mimi, wifi, sikuwaza. Magoti yangu yalikuwa yamezoea kwako tangu siku ya mtungi. Yakaenda chini yenyewe. Waliokuwa nyuma yangu waliponiona nimeshuka wakadhani ndiyo utaratibu, wakapiga magoti wote, na watoto migongoni. Uwanja mzima wa wanawake uko chini, mgombea yuko chini, na hakuna anayejua nani aanze kuinuka.

Mwenyekiti wa mkutano akaita kwenye kipaza sauti, "Akina mama, inukeni, tuendelee." Nani ainuke? Ukaninong'oneza, "Wifi, inuka bwana. Goti langu limekaa kwenye jiwe."

"Inuka wewe. Mgombea ni wewe."

"Nikitangulia nitakuwa nimekudharau mbele ya watu."

"Na mimi nikitangulia kaka yako atanirudisha kwetu na uzee huu."

Ukaanza kutikisika mabega. Nilijua umeshaharibu, kicheko chako hakifungwi na kamba. Ndipo ukasema, "Basi, wifi, tuinuane." Ukashika kiwiko changu, nikashika chako, tukapanda pamoja kama watu wanaotoa gari kwenye tope. Wa nyuma wakaona, wakashikana viwiko, wakainuana. Wanawake wote wale, mstari kwa mstari, wakicheka. Vigelegele vilivyopigwa pale, padri kwenye kigango alidhani kuna harusi ambayo hakuambiwa.

Fulgensi akageuka kwenye kiti chake. Akamuuliza jirani yake, "Sasa huyu yuko juu au yuko chini?" Hajajibiwa mpaka leo.

Ulipopanda kusema hukusema sana. Ulisema wamekupa alama ya nyumba na unashukuru, kwa kuwa mwenye nyumba ndiye anayejua inapovuja. Tukakuchagua. Ngoma ya lizombe ilichezwa hapa kwetu, kaka yako akaruka mpaka akapasua suruali, na alikuwa amesema kabisa yeye hapendelei upande wowote.

Ukawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa udiwani kwa kura katika kata yetu. Kule mjini, kwenye ukumbi wa madiwani, ukajikuta peke yako kati ya makoti. Ulinihadithia mara ngapi ile ya choo, na kila mara nataka tena. Wanajadili barabara, wewe umebanwa, choo ni kimoja na ndani ni wenye makoti tu. Ukasimama. "Mheshimiwa mwenyekiti, naomba mwongozo wako." "Endelea, mheshimiwa." "Mimi najisaidia wapi?" Ukasema makoti yote yaliinamia makaratasi yao. Kikao kilichofuata choo kilikuwa kimegawanywa na mlango wako umewekwa komeo. Wale wasichana wanaofanya kazi pale ofisini wanapoingia chooni leo hawajui wanaingia kwenye hotuba yako ya kwanza.

Halafu soko huria likaja na malori. Ushirika ukalala, mahindi yetu yakanunuliwa na yeyote mwenye gari, na gunia likawa lumbesa, limejazwa mpaka mdomoni, halafu likaongezewa kichuguu juu na kushonewa kamba. Unauza gunia, unatoa bure na nusu ya la jirani. Nakukumbuka umesimama barabarani hapa, njia ya Namtumbo, mbele ya lori. Ukalizunguka lile gunia kama unakagua mwali. Ukamuuliza yule mnunuzi, "Mwanangu, hili gunia linaenda harusini?"

"Hapana, mama."

"Mbona umelivisha kilemba? Livue."

Watu wakaangua kicheko, na yule kijana naye akacheka, ndiyo ikawa kushindwa kwake. Likavuliwa. Toka siku hiyo kila mnunuzi akifika hapa watoto wanamkimbilia: "Vua kilemba, vua kilemba." Wengine walikwenda kununua mbele zaidi kwa kutukwepa. Waende. Nasikia mpaka Namtumbo wanawake wanauliza yule mama wa kilemba anagombea lini kwao nao wamchague.

Hayo yote uliyafanya na goti lile lile. Sasa sikiliza. Kama linalouma ni lile lililokaa kwenye jiwe siku ya mkutano, basi hilo siyo lako peke yako. Uliliweka chini kwa ajili yetu, ni goti la kata. Huwezi kulistaafisha bila kutuuliza. Na kama ni kuogopa kushindwa na sukari ya yule bwana, sema unaogopa, usimsingizie mfupa. Mimi mkubwa kwako, magoti yangu yanalia kama mlango usiopakwa mafuta, na jana nimepalilia.

Sikuandikii kwa huzuni, wifi. Nikikukumbuka nacheka peke yangu shambani, wapita njia wanafikiri bibi ameanza kuchanganyikiwa. Kaka yako ameifagia nyumba yako na kufunga tena ule mlango uliolegea. Hata Fulgensi amekuja juzi, amesimama nje anakoroga vumbi na fimbo. "Shemeji, Skola anarudi lini? Yule wa kanga ameniita mzee Filbati." Nikamwambia akae, nikampa kiti. Ndiyo kwanza nimemwona mwanaume anaombea goti la mwanamke lipone.

Kwa barua yako jibu langu ni lile neno la ghalani. Sitaki.

Kwa hiyo fanya hivi. Mwambie Otmari akukatie tiketi, kiti cha mbele, unyooshe mguu. Upande basi la Jumatatu. Beba kile kitenge cha bluu. Ukifika stendi ya Songea nitakuwepo; usipige goti kwa mtu yeyote, na usijaribu kushuka mwenyewe. Simama mlangoni mwa basi, unipe kiwiko.

Mimi wifi yako,
mke wa kaka yako, niliyekuletea maji yasimwagike