Kwa Baba Yetu, Mzee Timazi: Nyumba Bado Haina Paa

Mwaka umetimia leo, Baba, tangu uketi kwenye kiti chako cha kibaraza cha nyuma ukasema unapumzika kidogo, kisha tuezeke. Hukuinuka tena. Watu wanatuambia kwamba muda huponya. Labda huponya wenzetu. Sisi kidonda bado kibichi, na leo tunakuandikia kwa kuwa kuna jambo la nyumba ile ambalo hulijui, na hatuna mwingine wa kumwambia.

Kwa wasiokufahamu: ulikuwa mwashi. Mikono yako ilinyanyua kuta za shule, za maduka, za hospitali, na za watu waliochelewa kukulipa ukawasamehe. Kule kwenye ujenzi walikuita Mzee Timazi, maana ule uzi wenye chuma mwishoni, wa kupimia kama ukuta umesimama wima, haukukutoka mfukoni hata siku ya harusi. Tukialikwa chai kwa watu, kikombe kikiwa bado cha moto, wewe umeshaufikia ukuta. "Huu umelewa," ulikuwa unasema, mwenye nyumba akikusikia, na Mama anakufinya chini ya meza.

Lakini hukuwa mkali. Kibarua akikosea, wewe mwenyewe ulibomoa tofali zake, ukazipanga upya, ukamwambia asogee aone. Hukumtukana mtu. Vijana wengi wanaoitwa mafundi leo walishika mwiko kwa mara ya kwanza kutoka mkononi mwako, na walikuja kukuzika wakiwa na simenti kwenye viatu.

Ulipostaafu, hukujua kustaafu. Ulizunguka uani ukigonga kuta kwa kidole kama daktari anayepima kifua. Ndipo kitindamimba wako, mshonaji, alipoleta lile boksi.

Lilikuwa zawadi ya mtoto wake, mjukuu wako wa pekee wa kike, siku alipotimiza miaka sita. Ndani mlikuwa na nyumba ya wanasesere ya kuunganisha: mbao nyembamba zenye namba, chupa ya gundi, madirisha yasiyozidi kiganja, na karatasi ya michoro. Uliigeuza karatasi ile mbele na nyuma.

"Msingi uko wapi?" ukauliza.

"Baba, hii ni ya wanasesere. Haina msingi."

"Nyumba isiyo na msingi ni boksi. Na boksi tayari tunalo."

Siku mbili baadaye Mama alilitafuta sinia lake kubwa la bati, akalikuta kwenye meza ya kibaraza limejaa zege. Zege la kweli, Baba! Lenye kokoto ulizozichekecha kwa chujio la chai. Rafiki yako seremala, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, alicheka mpaka akashika mbavu.

"Mzee mwenzangu, umewamwagia zege wanasesere?"

"Nyinyi watu wa mbao nyamazeni. Upepo ukivuma mnashikilia paa kwa mikono."

Mama hakucheka. Sinia lilikuwa la mama yake. Lakini alikutazama ulivyoinama pale, ulimi umetoka kidogo pembeni ya mdomo, akaona kwamba mumewe amerudi kazini, akasamehe.

Mjukuu wako alijifanya msimamizi tangu siku ya kwanza, penseli sikioni. Ukamwita Mkandarasi, na sote tukamwita hivyo mpaka leo. Akitoka shule alikuja moja kwa moja kibarazani.

"Fundi, leo umechelewa."

"Nisamehe, bosi. Mgongo."

"Mgongo kila siku!"

Ili asikusumbue ulimpa kazi. Ulimkabidhi kikombe cha bati, ukamfundisha kwamba zege changa lina kiu kama mtoto mchanga, likikosa maji litapasuka. Kila asubuhi alinyunyiza maji kwenye kingo za sinia, taratibu, kwa ncha za vidole, kama ulivyomwonyesha.

"Mpaka lini, Babu?"

"Mpaka nikuambie basi."

Zege lilikuwa limeshakauka zamani. Ulijua, na Mama alijua. Lakini mtoto aliipenda kazi yake kupita kiasi, hukuwa na moyo wa kumwachisha, hata ulipoanza kusimamisha kuta za mbao juu ya sinia lile. Ulipita nyuma yake na kitambaa, ukakausha kila tone kabla halijafika kwenye mbao, naye akadhani unafuta vumbi. Kile kitambaa kilikaa mfuko mmoja, timazi mfuko mwingine.

Na ulikawia, Baba. Ukuta mmoja, wiki moja. Kitindamimba wako alikusihi: gundi hukauka nusu saa, imeandikwa kwenye chupa. Ukamjibu kwamba gundi hukauka lakini nyumba hutulia, na nyumba haikimbizwi. Ukaning'iniza timazi kwenye ukuta usiofika hata goti la mtu. "Kawia ufike," ukamwambia Mkandarasi, naye akaenda shuleni kuwaambia wenzake hivyohivyo. Vyumba vinne vikasimama, ngazi ikapanda, jiko likapata dirisha. Vikabaki vipande viwili vya paa, vyekundu. Ukatangaza kwamba Jumamosi tunaezeka.

Jumamosi ile Mkandarasi aliamka kabla ya sote. Ulikunywa chai yako, ukatoka kibarazani, ukafungua gundi, ukaifunga tena. Ukasema, "Ngoja nipumzike kidogo, bosi, kisha tuezeke." Ukaketi. Mama alipotokeza kichwa akamkuta mtoto amesimama mbele yako, mkono kwenye goti lako.

"Mwache babu apumzike," akamwambia. "Usimwamshe."

Mtoto mtiifu. Akaketi chini, akapakata vipande vya paa, akasubiri. Alisubiri mpaka jua likahama kibarazani. Mama alipokuja kuwaita mle chakula, alikuwa bado ameketi vilevile, na aliweka kidole mdomoni kumnyamazisha bibi yake.

Ulikawia, Baba, na hukufika.

Daktari alisema moyo ulisimama ghafla, hata tungekuwa na hospitali uani isingesaidia. Mama alimshukuru, akarudi nyumbani, hakuamini hata neno. Mwaka mzima sasa huacha sahani nusu imeoshwa, akamtazama yeyote aliye karibu, akauliza, "Angemwamsha, je?" Tumemjibu kwa kila namna tunayoijua. Haisaidii. Amekonda mpaka bangili zinapita kiwiko. Aliyekuwa akikufinya chini ya meza sasa ananyamaza tu mezani.

Baada ya kukuzika aliifunika nyumba ile kwa shuka na kusema asiiguse mtu. Tukatii. Ukweli ni kwamba tulishukuru kukatazwa. Hakuna kati yetu aliyeweza kuitazama ikiwa wazi juu namna ile. Kiti chako kipo palepale, hakikaliwi. Tulitumia mlango wa mbele, tukauacha wa nyuma kwa Mama na kwa Mkandarasi, ambaye hutoka alfajiri kwenye bomba la nje kupiga mswaki.

Mwezi uliopita Mama alisema neno refu kuliko yote aliyosema mwaka huu. "Mimi ndiye niliyemzuia mtoto. Paa atalipata. Mwaka haupinduki kabla nyumba ile haijaezekwa." Tukamwona anakula siku hiyo, akaomba kuongezwa. Kifungua mimba wako, dereva wa malori, akaomba ruhusa kazini ili awepo. Tulianza kutumaini, Baba, tena kwa moyo wote. Tulidhani paa lile likikaa, na Mama atakaa.

Juzi mchana akaja rafiki yako seremala na gundi mpya na msasa. Mkandarasi alikuwa shuleni. Tulitaka akirudi akute nyumba imekamilika. Vipande vya paa vilikuwa chini ya kitanda chake, amevifunga kwenye taulo, vikavu, vinang'aa. Mama akaivuta shuka.

Harufu ndiyo iliyotangulia. Kisha tukaona. Mbao zilikuwa zimevimba, zimefunguka matabaka kama kitabu kilicholowa. Chini kote ukungu mweusi. Ngazi imeachana na ukuta. Kaka mkubwa akatazama juu kutafuta paa la kibaraza linapovuja. Halivuji, uliliezeka wewe. Seremala akasema zege ndilo lililoleta unyevu, kisha akakumbuka anamsema nani, akainamia gundi yake. Wakajaribu paa. Upande mmoja ulikaa, wa pili ukaning'inia hewani. Wakageuza, wakabana, ukuta wa jikoni ukalia.

Mama akaingia ndani, akarudi na timazi lako. Akaliteremsha kando ya ukuta wa mbele kama alivyokuona ukifanya maisha yake yote, akangoja chuma kitulie. Uzi na ukuta vikaachana. Ukuta wako, Baba, ulikuwa umelewa.

"Shemeji," seremala akasema polepole, "mbao hizi zimekufa. Niachie. Nitakata nyingine, niijenge upya, nipake rangi ileile. Mtoto hatajua."

"Mimi nitajua," Mama akasema.

Wakati huo Mkandarasi akaingia na mkoba mgongoni. Alituona tumeizunguka nyumba. Hakushtuka hata kidogo. Aliinama, akapitisha kidole kwenye ukingo wa sinia kama mtu anayekagua kazi.

"Leo nimeshamwagilia," akatuarifu. "Asubuhi."

Mama akageuka. "Umemwagilia nini, mjukuu wangu?"

"Zege. Namwagilia kila siku. Nainua shuka kidogo, halafu nairudisha."

"Kila siku tangu lini?"

"Tangu Babu aliponipa kazi." Akatutazama mmoja mmoja, hakuelewa kwa nini shangazi yake, binti yako wa kati, amekaa chini. "Alisema mpaka aniambie basi. Hajaniambia."

Seremala, mtu mzima, alitoka akasimama nyuma ya ukuta wake na tukamsikia akilia. Kumbe mswaki haukuwa mswaki. Kumbe mwaka huu wote, sisi tukikwepa mlango wa nyuma, palikuwa na mtu mmoja tu katika nyumba hii aliyekuwa bado kazini kwako, na kazi hiyo ndiyo iliyokuwa ikiiua nyumba, kwa sababu hakuna aliyepita nyuma yake na kitambaa.

Kaka mkubwa akachuchumaa mbele ya mtoto. "Sikiliza, mama. Basi. Imetosha sasa."

Akamtazama baba yake mkubwa kwa huruma. "Wewe si fundi."

Kisha akamgeukia Mama, aliyemwamini kuliko sote, akauliza, "Bibi, amesema yeye?"

Mama alifungua mdomo. Neno moja tu lilihitajika. Angelisema kwa niaba yako, na mtoto angetua kikombe. Lakini aliwahi kumsemea babu huyu kwa mtoto huyu, siku moja, kwenye kibaraza hikihiki, na hakuweza tena. Alikaa kwenye kiti chako, Baba, wa kwanza kukikalia tangu wewe, akajifunika uso kwa ile shuka.

Hivyo paa halikuezekwa. Mwaka umepinduka. Hatukutimiza, na hatuna la kumtia nalo moyo Mama, maana moyo wenyewe sisi hatuna. Jana alfajiri tulilisikia bomba la nje likifunguliwa, na kikombe kikigonga sinia. Kisha tukasikia kandambili za Mama. Tulipochungulia, mtoto alikuwa ananyunyiza kwa ncha za vidole, na Mama amesimama nyuma yake na kitambaa chako, anakausha tone baada ya tone kwenye mbao ambazo hazina tena cha kuokolewa. Nasi tukarudi kulala bila kulala.

Nyumba itaanguka. Yeyote mwenye macho anaona. Itaanguka ikiwa imemwagiliwa vizuri, juu ya msingi usio na hata ufa mmoja.

Unakumbukwa na mkeo, anayekiweka kitambaa chako chini ya mto. Na kifungua mimba wako wa malori, ambaye si fundi. Na binti yako wa kati, shangazi wa mtoto. Na kitindamimba wako mshonaji, anayelaani siku aliyonunua boksi. Na wakwe zako na wajukuu wa kiume. Na rafiki yako seremala, aliyekosa wa kubishana naye. Na vijana wako wote wa mwiko. Na Mkandarasi, ambaye ameanza kumuuliza bibi yake kama wewe huko uliko unasikia.

Tutakukumbuka siku zote, Baba. Hata sisi hakuna aliyetuambia basi.