Mzee Kola, Dobi Aliyepona Macho Akakutana na Madoa

Mwaka mzima umepita, Baba, tangu ulipotutoka, na kwenye duka lako la dobi bado tunageuka mlangoni tukidhani ni wewe unayekohoa.

Wateja walikuita Mzee Kola kwa sababu kila shati ulianza kulikagua shingoni. Ukikuta weusi wa jasho ulikunja uso, kisha ukamuuliza mwenyewe kwa upole, "Mwanangu, hii ni shingo au bomba la moshi?" Alicheka, ukacheka, na shati lilirudi jeupe pepepe.

Ugonjwa wa sukari ulipoingia machoni hukumwambia mtu. Tuligundua tulipokuona ukiipapasa kola kwa kidole. Daktari wa macho alisema mishipa midogo nyuma ya jicho inavuja, na pale hasa pa kuonea pamejaa maji na kuvimba. Sindano za mwanzo hazikufua dafu. Ndipo akataka kukuwekea kijiti cha dawa, chembamba kama kipande cha uzi, kikae ndani ya jicho na kutoa dawa kidogo kidogo kwa miezi.

"Kikae humo humo ndani?" uliruka. "Kinyaa gani hicho!"

"Kinyaa au upofu, mzee. Chagua."

Ulichagua kinyaa, kijiti kikawekwa. Presha ya jicho ikapanda, ukapewa dawa ya matone, na kutwa ulinung'unika kwamba unaona kitu kinaelea kama unywele ndani ya glasi ya maji.

Kipindi hicho chote kazi ilikuwa mikononi mwa mjomba wetu, mdogo wake Mama. Kazi kubwa ilikuwa mashuka ya kliniki ya uzazi.

"Shemeji, mashuka vipi?" ulimuuliza kila mara.

"Kama maziwa, shemeji. Nusa mwenyewe."

Ulinusa. Yalinukia marashi.

Kijiti kikafanya kazi, uvimbe ukapungua. Asubuhi moja uliingia dukani bila kushikwa mkono, ukachukua shuka la juu kwenye rundo lililokuwa tayari kupelekwa kliniki. Ukalikunjua. Damu ya mzazi ilikuwa pale pale, imekauka na kupigwa pasi hadi ikang'aa. Ukakunjua la pili, na la tatu. Hakuna lililokuwa limeguswa na maji. Mjomba alikuwa akiyanyunyizia marashi na kuyapiga pasi, basi.

Ulitapika kwenye beseni. Kisha ukauliza, "Juu ya hili analazwa mtoto mchanga?"

"Lakini shemeji," alijibu, uso mkavu, "mbona hakuna aliyelalamika?"

"Toka! Toka kabla sijakutia kwenye mashine, maana wewe ndiye mchafu kuliko yote!"

Ungeweza kunyamaza, Baba. Ulikwenda kliniki mwenyewe, ukasimama wodini mbele ya wazazi na watoto wao, ukamwambia mkunga mkuu, "Yatandueni mashuka yote. Ni uchafu, na umetoka kwangu." Alikuvunjia mkataba hapo hapo. Ukasema ana haki. Hata hivyo uliomba uyachukue, ukayachemsha na kuyasugua kwa mikono yako mpaka vidole vikachubuka, huku ukitema mate kila ulipokumbuka neno lile la mjomba.

Kliniki haikurudi. Wewe ulikaa mlangoni kila siku ukikagua nguo moja moja, macho yako yakiwa mazima, mpaka moyo ulipochoka.

Wanaokukumbuka kwa upendo ni mkeo, sisi wanao sote, wakwe zako, wajukuu, na mafundi wa pasi uliowafundisha. Mjomba ametuma ujumbe akiomba naye tumtaje. Mama amesoma, akaiweka simu kifudifudi mezani, akaenda kunawa mikono.

Hatukumtaja. Wewe, Baba, hutatutoka moyoni daima.