Mfumo Unasema Ng'ombe Wapo

Shikamoo Bibi Bhoke, mshauri wetu. Nakuandikia nikiwa ofisini saa za kazi kwa sababu kazi yenyewe haipo, naomba unisaidie kabla ya Jumamosi.

Mimi ni binti wa Nyanungu, nimeajiriwa na kampuni moja hapa Nyamisangura, jina nalificha, inayovalisha ng'ombe mikanda ya shingoni ili mwenye mali akitaka kujua walipo atupigie simu, sisi tunaangalia kwenye kompyuta, tunaona kitone cha kijani, tunamwambia. Mwanzoni tulikuwa wengi na mikanda ilifanya kazi kweli Bibi, nisiseme uongo, lakini baadaye mtambo ukaanza kukwama, Vicent fundi wetu akaondoka kwenda kuchimba dhahabu Nyakunguru, Beatrice akaenda kuuza nguo Sirari, na bosi wetu Godwin kila asubuhi ananikalisha kikao mimi peke yangu, leo anasema tunageukia mbuzi, kesho anasema pikipiki, juzi amebadilisha rangi ya fulana za kampuni akasema huo ndio mwanzo mpya, habari ya mshahara naiacha.

Sasa vile vitone haviendi tena, vimeganda pale vilipokuwa siku mtambo ulipozima, na kwa kuwa ulizima usiku, ng'ombe wote wanaonekana wako zizini. Nikimwambia Godwin tuwajulishe watu anasema, "Rhobi, ukipigiwa simu sema mfumo unaonyesha yupo zizini. Huo si uongo, si ndivyo unavyoonyesha?" Anasema kuna mfadhili anakuja kutoka Dar, akikuta wateja wametukimbia hataweka pesa, akiziweka mikanda itafufuka, kwa hiyo nikifungua mdomo nimeua kampuni, na kuna karatasi niliyosaini ya kutotoa siri.

Wiki iliyopita baba yangu mdogo, mzee Machage, alinipigia jioni kwamba mitamba yake haijarudi kutoka malishoni, na hiyo mitamba ndiyo ya mahari ya kaka yangu Heche, mama mdogo alitaka kupiga yowe watu watoke, mzee akamzuia, nikamsikia kwenye simu, "Hebu nyamaza kwanza, huyu mtoto anawaona." Nikasema, "Baba, mfumo unaonyesha wapo nyumbani." Akasema, "Basi watakuwa karibu." Mama mdogo hakumsikiliza, akapiga yowe, vijana wakafuata nyayo wakawakuta bondeni wakiswagwa na watu wasiojulikana, wakawarudisha. Nilidhani mzee atanifokea. Kumbe amefurahi, anasema mikanda ndiyo iliyowatia wezi woga, anamsimulia kila mtu, na vijana waliokuwa wanalala zizini amewaambia warudi makwao, ng'ombe sasa wanajilinda wenyewe, na majirani wanamwiga.

Jumamosi kuna ritongo, ule mkutano wetu wa wazee na wanakijiji, mzee atatoa ushuhuda, na Godwin anataka nisimame baada yake nikiwa nimevaa fulana mpya, niwahimize watu wavalishe ng'ombe zaidi, anasema mimi ni mtoto wa pale, wataniamini. Bibi, nivae niende, nijifanye mgonjwa, au niache kazi kimya kimya?

Mimi Rhobi.

*Bibi Bhoke anajibu:*

Marahaba, Rhobi. Barua yako nimesomewa, nikaomba nisomewe tena, maana nilidhani msomaji ameruka mstari.

Umeniletea njia tatu nikuchagulie. Kuvaa, kuumwa, kukimbia. Katika zote tatu mzee Machage amelala fofofo na zizi lake halina mtu. Hiyo ya kusema ukweli umeiacha wapi?

Nakuhurumia, nisikufiche. Umeachwa chumbani na mashine iliyokufa, wanaokupigia simu ni watu unaowaita baba, na kinywa kinachotumika ni chako. Godwin zile simu hazipokei, mfadhili wa Dar hazipokei. Fulana imeletwa kwako kwa sababu watu wakikusikia wewe hawasikii kampuni, wanasikia mtoto wao.

Lakini huruma yangu inaishia pale uliposema "wapo nyumbani". Ulijua vitone vimeganda. Na huyo baba yako naye, ana macho, amesimama kando ya zizi tupu, anauliza simu kama zizi lina ng'ombe. Bahati yenu mama yako mdogo ana koo zima na hana subira na wanaume.

Huyo Godwin mwambie kuna bibi hakumaliza darasa la nne anamuuliza, ng'ombe wa Nyanungu ni wa kumsubirishia mfadhili? Mtambo umezima, yeye anachagua rangi ya nguo. Karatasi uliyosaini siijui sheria yake, mtafute anayeijua akueleze, ila usikae kumngoja. Mwizi hajasaini kitu.

Sasa sikiliza. Unasema jina la kampuni umelificha. Mwanangu, hapo kwenu kuna kampuni ngapi zinazovalisha ng'ombe mikanda? Watakujua kabla hawajafika nusu ya ukurasa. Gazeti hili linafika Nyanungu Ijumaa na gari la mchana. Wewe hapo Nyamisangura unalipata asubuhi, uwe umefika kabla yake.

Usipige simu. Mzee amezoea kuiamini sauti yako ya simu, na hiyo ndiyo iliyotufikisha hapa. Nenda mwenyewe. Anzia jikoni kwa mama mdogo, yeye asikie wa kwanza, maana ndiye aliyeona sawa akaambiwa anyamaze. Kisha muende wote kwa mzee. Mwambie mikanda imekufa, jioni ile nilikuwa naangalia kitone cha zamani, waliookoa ng'ombe ni mama na vijana. Neno "mfumo" usilitie hapo. Atafoka. Amejisifu kwa kijiji kizima, na wewe unakuja kumvua nguo. Mwache afoke mpaka achoke. Hata akisema wewe si mtoto wake usibishane naye, na usiondoke mpaka umewaona vijana wamerudi zizini na majirani wamepelekewa habari.

Ukitoka hapo urudi kwa Godwin, umwambie usoni ulichofanya. Sidhani ni mwizi. Ni mtu anayeogopa kukiri kwamba kazi imemshinda, na woga wake ameukabidhi kwako uubebe. Mpe nafasi aje mwenyewe kwenye ritongo aongee. Akija, simama karibu naye, watu wasimtukane kupita kiasi. Asipokuja, utasimama peke yako, na gauni lako la kanisani. Kazi unaweza kuipoteza. Sikudanganyi kwamba ukishasema ukweli utaokota nyingine njiani.

Wazee wakishamaliza kukukaripia, watakuuliza mikanda itaamka lini. Hapo ndipo ninapokuogopea, maana ofisini kwenu mmefundishwa kwamba kila anayeuliza lazima apewe jibu la kumtuliza. Utawaona wanakutazama, wanataka uwaambie wiki ijayo, mwezi ujao, na wewe ulimi utaanza kuwasha. Waambie, "Wazee wangu, sijui." Halafu ukae chini.