Gari la Baba Lilipona Oktoba

Njia ya Mizabibu 9,
Plochingen.
31 Machi

Mpendwa dada Heike,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Natumaini karatasi hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Anselmo, na kwamba goti lake limeacha kumsumbua kwenye ngazi. Ule mndimu uliotuambia umechanua, bado una maua au umeshazaa? Sisi hatujambo. Mama amekunywa kahawa vikombe viwili asubuhi hii, amekula mkate na jemu, na sasa yuko jikoni anamenya viazi vya saladi huku anaimba. Kifua kimetulia. Nakuambia hilo kwanza ili usome yaliyobaki bila wasiwasi.

Najua utashangaa kuona mwandiko wangu. Mara ya mwisho kukuandikia ilikuwa kadi ya harusi yako, na hata ile aliandika Petra, tukiwa bado mume na mke, mimi nilitia sahihi tu. Lakini Mama amesema jambo hili si la simu. "Kwenye simu unachekacheka, Volker. Mwandikie. Karatasi haina mahali pa kuchekea." Basi nimekaa mezani na sicheki.

Ni habari ya gari la marehemu Baba.

Unakumbuka siku alipolileta. Mtu aliyekuwa akikunja karatasi za zawadi za Krismasi ili zitumike tena mwakani, siku aliyostaafu kiwandani akaingia mtaani na gari la kitajiri la paa la kufunguka, buluu ya usiku, viti vya ngozi rangi ya kahawa yenye maziwa. Lilikuwa la mkono wa pili, la daktari wa meno, lakini kwa mtaa wetu ni kama meli ya mfalme imepotea njia. Na kila mwezi wa Mei, yeye na Mama, paa wazi, mpaka Ziwani kule kusini na kurudi.

Unakumbuka pia Mama alivyojibu ulipomwomba aje akae kwenu kisiwani. Alisema atakuja, ila kwanza anataka kwenda Ziwani mara moja tu na gari la Baba, paa wazi, halafu afunge nyumba. Ukakubali. Mimi nikasema paa limeharibika lakini nitalitengeneza mwenyewe gerejini. Hiyo ilikuwa mwaka jana, theluji inayeyuka.

Siku ya kwanza kulijaribu, Mama alikuwa ametoka saluni. Aliketi kiti cha mbele, nikabonyeza swichi. Paa likanyanyuka nusu, likasimama pale kama mtu aliyesahau kilichomnyanyua kitini, halafu juu ya kioo pakaanza kudondoka mafuta, tone kwa tone, kwenye nywele mpya za Mama. Akaniangalia. "Nimeshapakwa mafuta," akasema. "Niite askofu."

Lile paa, dada, linasukumwa na mafuta. Kuna pampu ndani ya buti, na vijibomba vyembamba vinapita kila mahali kwenye bodi kama mishipa ya mtu, vinakwenda kwenye silinda ndogondogo. Mipira ya ndani ya silinda ilikuwa imezeeka na kukauka. Basi nikawa nazitoa moja moja, nazifungua juu ya meza ya jikoni, nabadilisha mpira, narudisha. Mama akinishikia tochi. Nikiwa nimelala chali ndani ya buti, nasikia sindano zake za kufumia zinagongana pale kwenye kigoda. Kulikuwa na harufu ya ngozi, na petroli, na zile pipi za mnanaa za Baba ambazo bado zimebaki kwenye kijidroo cha dashibodi. Mwanga uliingia kwa chini ya mlango ulioinuliwa kidogo tu. Wakati mwingine nilikuwa sijui tena ni Jumamosi gani, wala mwaka gani. Nilikuwa kama niko chini ya maji ya uvuguvugu na sauti za watu ziko juu, mbali. Nilikuwa na furaha, Heike. Tangu Petra aondoke nilikuwa sijaijua, na ndiyo iliyonipotosha.

Jirani Traugott kila Jumamosi akija kufagia upande wake wa barabara alikuwa anaegemea ufagio pale mlangoni. "Volker, hilo gari unalitengeneza au unalilea?"

Mama akimjibu bila kuinua macho. "We Traugott fagia kwako, majani yako yanahamia kwetu."

"Majani hayajui mpaka, Bi Lore."

"Na wewe pia hujui. Rudi kwako."

Basi sasa nafika kwenye penyewe.

Katikati ya Oktoba, Mama akiwa kwenye mazoezi ya kwaya, nilirudisha silinda ya mwisho, ile ya juu ya kioo. Nikawasha swichi. Paa likanyanyuka, likajikunja polepole, likalala nyuma bila kelele, na kifuniko kikajifunga juu yake kama mtu anamfunika mtoto shuka. Hakuna tone lililoanguka. Nikafunga, nikafungua tena. Nikafunga. Nje kulikuwa na jua la ajabu, mizabibu yote mlimani imegeuka njano.

Mama akarudi, akauliza akiwa bado na koti, "Vipi?"

Nikasema, "Bado. Silinda ya mwisho inavuja."

Sikuwa nimepanga. Ilitoka tu, kama mtu anavyojibu "nzuri" akiulizwa habari.

Unajua namba za gari lile ni za msimu, Aprili mpaka Oktoba, nje ya hapo haliruhusiwi kugusa barabara. Na unamjua Mama. Huyu ndiye anayesimama mvua inanyesha, taa nyekundu, barabara tupu pande zote mbili, na hatavuka mpaka iwe kijani. Kumpandisha kwenye gari ambalo msimu wake umekwisha, hata mpaka kona ya kwanza, asingekubali. Nililijua hilo. Nilisema uongo mara chache tu, wiki mbili zikapita, ikaingia Novemba, na kuanzia hapo sheria ikawa inanisemea yenyewe. Nilikuwa nakuambia kwenye simu za Jumapili, "Tungoje Aprili, hakuna jinsi," na wewe ukawa unanipa pole.

Na kile kifurushi. Ile mipira uliyoitafuta mwenyewe huko mpaka ukaipata, ukaituma ili unisaidie. Nilikuambia haijafika. Ilifika. Niliificha chini ya tairi la akiba. Uliposema utampigia aliyekuuzia umgombeze, nilikwambia usimsumbue, nikaonekana mtu mpole.

Kwa hiyo Mama akakaa majira ya baridi ambayo hakutakiwa kuyakaa. Chumba ulichompakia rangi, chenye mlango wa kutokea bustanini, kimelala bila mtu, na yeye huku anakohoa kwenye ukungu wa mto. Februari nilikuambia ana homa kidogo. Haikuwa homa kidogo, Heike. Yalikuwa mapafu. Alilazwa, akawekewa mpira wa hewa puani. Daktari, msichana mdogo kuliko binti yako, aliniuliza kama tuna ndugu mahali penye joto.

"Tunaye."

"Sasa mama anangoja nini?"

"Gari," nikasema.

Aliniangalia kama mimi ndiye mgonjwa.

Na hata hapo sikusema. Nilirudi nyumbani nikapika supu.

Mwezi huu, aliporudi na kupata nguvu kidogo, aliomba nimkalishe kwenye gari gerejini. Nikamfunga blanketi, nikampa chupa ya maji ya moto, nikakaa kwenye usukani. Akafumba macho. Akaanza safari, hivyo hivyo, paa limefungwa, mlango wa gereji umefungwa.

"Tumepita Ulm," akasema. "Mnara umeuona?"

"Nimeuona."

"Biberach. Hapa baba yako alikuwa anataka soseji. Mimi nasema ngoja, yeye anasimama."

Nilisikia mpaka upepo, nakuapia. Nikaona mashamba ya matufaha yanapita pande zote, na zile nguzo ndefu za mashamba ya mmea wa bia kule chini, na barabara inateremka polepole kama inasinzia.

"Ravensburg," akasema. "Baada ya hapa alikuwa anazima redio. Alisema ziwa linasikika kabla halijaonekana." Halafu, macho bado amefumba, "Mbona unakwenda polepole hivyo, Volker? Unaogopa tutafika?"

Sikuweza kuendelea, dada. Nikageuza ufunguo, nikabonyeza swichi.

Paa likanyanyuka juu yake, likajikunja, likalala. Akafumbua macho, akaona dari ya gereji, na kile kiti cha kuteleza kwenye theluji tulichogombania utotoni kinaning'inia pale. Akacheka. Halafu akaacha kucheka.

"Tangu lini?"

"Oktoba."

"Mwanzoni au mwishoni?"

"Katikati."

"Katikati ya Oktoba kulikuwa na jua," akasema.

"Ndiyo, Mama."

Akaiweka chupa ya maji ya moto pembeni. Kisha akasema nimsaidie kutoka. Siku ile hakunisemesha. Kesho yake alipika dengu na tambi, akaandaa sahani moja, akala, akaosha sahani moja. Mimi nilikula mkate nimesimama.

Alipoanza kusema tena, hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alisema, "Ungeniambia tu kwamba unaogopa kubaki peke yako kwenye nyumba hii. Nisingekaa, usijidanganye. Lakini tungekuwa wawili tunaolijua." Halafu akasema kwamba Aprili mosi twende Ziwani, lakini barua kwanza, gari baadaye.

Traugott alisikia habari kwa sababu mlango wa gereji sasa uko wazi. Hakushangaa hata kidogo. "Nilijua," akasema. "Mtu anayetengeneza gari hutukana. Wewe tangu Oktoba hujatukana hata mara moja."

Nisamehe, dada yangu. Sina la kujitetea. Nilikuibia Mama majira mazima ya baridi, na karibu nikuibie moja kwa moja. Kila Jumapili ulipouliza "Gari vipi?" ulikuwa unauliza Mama atakuja lini, nami nilielewa, nikakujibu habari za silinda. Ukitaka kunigombeza, nigombeze kwa simu au kwa barua, vyovyote, ila usininyamazie. Mama amenyamaza siku moja tu na nimeona inavyokuwa.

Kesho tunaondoka baada ya kifungua kinywa. Wanasema kutakuwa na baridi na jua. Mama ameshapasua mikate ya chumvi na kuipaka siagi, na amesema nikimfanyia mzaha wowote wa sikukuu ya wajinga atanipiga na mkoba. Ana kitambaa cha kichwa kipya. Barua hii ataitumbukiza mwenyewe kwenye sanduku la posta pale stesheni, kabla hatujashika barabara kuu. Hataki kuniachia mimi.

Usiku wa kuamkia leo niliiota safari. Mama ndiye alikuwa anaendesha, ingawa hajawahi kushika usukani maisha yake yote, na mimi nilikuwa kiti cha nyuma, mdogo, miguu haifiki chini. Magurudumu hayakutoa sauti. Mbele kulikuwa na weupe tu, huwezi kujua ni ukungu au ndiyo maji yenyewe. Nilitaka kumuuliza, lakini nikaona anajua anakokwenda, nikatulia.

Tiketi yake ya ndege nimeshaikata. Ni tarehe ishirini Aprili. Nitamleta mwenyewe mpaka mlangoni kwako. Kama utanipokea nitakaa wiki moja, nimwone amezoea, halafu nitarudi. Kama hutaki kuniona, nitambebea mizigo mpaka uwanjani na Anselmo aje ampokee, nami nitageuka na ndege hiyo hiyo. Uamuzi ni wako na sitanung'unika.

Mambo mawili matatu uyajue, kwa kuwa wewe ulihama zamani. Dawa ya kifua anaificha kwenye kikombe akidai ameshakunywa, mwangalie. Akisema hana njaa ana njaa. Na asubuhi huamka kabla ya watu wote na kufungua mbao za madirisha kwa kishindo, moja baada ya nyingine, kama anamfukuza mtu. Usimkataze. Mimi chumba changu kiko juu yake, na tangu nirudi kuishi hapa sauti hiyo ndiyo inayoniamsha kwenda kazini. Kama nyumba yako haina mbao za dirisha, mwombe Anselmo amtafutie hata mbili. Mimi nimeshanunua saa ya kengele.

Msalimie sana shemeji Anselmo, na binti yako Marisol na mumewe. Traugott anakusalimu, anasema ukimchukua Bi Lore hatakuwa na mtu wa kugombana naye na atazeeka upesi. Mama hatumi salamu kwa barua yangu, anasema zake atakuletea mwenyewe mkononi.

Mungu akulinde wewe na nyumba yako, na ayafanye majira ya baridi yote yaliyobaki ya Mama yawe ya joto.

Wako akupendaye, mdogo wako,

Volker