Mstari wa Pili

Tororo,
12 Oktoba 1977

Dada yangu Goretti,

Naomba barua hii ikukute mzima huko Busia ya upande wenu wa Kenya, pamoja na shemeji Maloba na watoto, na kile kifua cha Dorcas kiwe kimeshapoa. Sisi huku tunaamka na tunalala. Mama anakusalimu sana. Bado anawasimulia watu jinsi ulivyozimaliza chapati zake sikukuu ile tulipotoka chuo cha ualimu, na kila akisimulia idadi inaongezeka.

Barua haipiti posta. Ataileta mdogo wangu Swaliki, ndani ya mfuko wa unga wa muhogo alioupakia kwenye lori. Isome ukiwa peke yako kwanza.

Umeniuliza nani alimuuza kaka yako Othieno kwa askari. Umeniambia pia kwamba ndugu zako huko Osukuru wameshaamua ni mzee Aboth, kwa kuwa ua wake ndio pekee unaotazamana na maghala yenu, na kwamba wanangoja neno lako tu mpaka Jumapili wakitoka kanisani. Nimeelewa wanangoja neno la kufanya nini. Wiki iliyopita walimvunjia baiskeli na kumfukuzia ng'ombe porini, na yule mzee hakwenda kushtaki popote. Angeshtaki kwa nani? Anakaa mlangoni kwake akitazama njia.

Nitakujibu, lakini niache nianze na Athieno, kwa sababu jibu linapitia kwake.

Unakumbuka mtoto huyu wa kaka yako alipoletwa darasani kwangu mwezi wa Februari. Kidhopadhola cha baba, Kiteso cha mama yake Ariokot, Kiganda cha barabarani, na kwangu akakuta Kiswahili. Mihula miwili hakufungua mdomo. Watu wakasema lugha nyingi zimemfunga ulimi, wakamshauri Ariokot aache kumsemesha Kiteso. Mimi niliwakemea. Niliwaambia mtoto si gunia kwamba ukiongeza kitu litapasuka. Kila mtu na amsemeshe kwa lugha yake, naye atatoa akiwa tayari. Wewe uliniunga mkono, ukamletea kibao cha kuandikia. Nilikuwa na kiburi na njia yangu ya kufundisha, Goretti, nakiri. Katika mji mzima mimi peke yangu niliwaacha watoto waanze kuandika kwa lugha ya nyumbani.

Unajua desturi yangu ya Ijumaa. Kila mtoto anasema habari moja ya nyumbani kwa lugha yake, na anayeweza anaiandika mwenyewe juu ya karatasi ngumu ya manila. Chini yake mimi naandika mstari wa pili kwa Kiswahili, kwa kalamu nene, ili wenzake nao waisome. Tunaibandika ukutani. Mtu akimaliza kusoma mstari, darasa zima linampigia makofi matatu. Wazazi walipenda Kiswahili kile. Walisema mtoto akikijua, akikutana na askari kwenye kizuizi atakuwa na la kujibu.

Naam, wazazi wote walikuja kusoma ukuta ule, hata sajini wa kambini, baba yake Habibah. Ni mtu wa kimo kirefu, mpole ukimtazama, na kusoma hajui vizuri. Ijumaa akija kumchukua binti yake alisimama mbele ya manila akifuatisha herufi kwa kidole kama watoto. Niliona haya kumfukuza, tena niliogopa. Nikajiambia kwamba hata yeye ni mwanafunzi.

Mwezi wa Agosti Othieno alimbeba yule mwalimu mkuu aliyekuwa akiwindwa na askari, kwa baiskeli, na kumvusha kuja kwenu kwa njia za mashambani, askari wakaanza kumtafuta yeye pia. Baada ya wiki mbili ukaniandikia kwamba Othieno naye amefika kwako salama. Nilifurahi, nikamtangazia kila aliyeniuliza. Sasa najua uliandika vile ili barua ikifunguliwa njiani askari waamini amevuka. Sikulaumu, maana ningefanya hivyo hivyo. Ila na mimi niliamini.

Jumamosi ile askari walipokuja, saa nne asubuhi, watu wakitoka sokoni, hawakuingia nyumbani hata kidogo. Ariokot amenieleza mara nyingi. Walipita jikoni, wakapita zizi, wakafunua paa la ghala moja, halafu la pili, wakamtoa Othieno. Mpaka leo hatuna maiti wala habari, na Ariokot hajui aweke matanga au apike chakula cha mtu wa kurudi. Hapo ndipo ndugu zako walipopata hoja yao, kwamba aliyewaelekeza ni mtu aliyeona ghala.

Hawakuelekezwa na Aboth, dada yangu. Niliwaelekeza mimi.

Siku moja kabla, Ijumaa, Athieno alinyoosha mkono. Mihula miwili, Goretti, na mkono ule ukanyooka. Alisema habari yake kwa Kidhopadhola, sauti ndogo lakini safi, kisha akapiga magoti na kuiandika mwenyewe, ulimi nje, bila kuniuliza herufi hata moja. Aliandika kwamba baba yake anakaa ghalani.

Kalamu ilisimama mkononi mwangu. Sitakudanganya kwamba haikusimama. Nilijiuliza, kisha nikajijibu haraka kwamba Othieno yuko kwako, na mtoto anayemkosa baba humweka popote anapotaka. Lakini kilichonisukuma kilikuwa furaha, na kiburi. Nilitaka mji mzima umwone mtoto waliyesema ana ulimi uliofungwa. Nikaandika mstari wa pili, herufi kubwa kuliko siku zote, nikaibandika manila katikati ya ukuta.

Saa sita sajini akaja. Akaweka kidole. Ba-ba. A-na-ka-a. Gha-la-ni. Watoto walisoma pamoja naye kama nilivyowazoesha, na alipomaliza wakampigia makofi matatu. Akacheka kwa furaha kabisa. Akauliza hii ni ya nani, nao, kwa jinsi walivyojivunia mwenzao, wote wakamwonyesha Athieno. Alimshika kichwa, akaniambia, "Mwalimu, mutoto hii iko na akili. Wewe nafanya kazi muzuri." Nikamshukuru. Nilimshukuru, Goretti.

Ndugu zako waliponiuliza kama Aboth ana rafiki kambini, nilijibu sijui, na nilijua hana. Wiki tatu nimelibeba hilo. Nimeshindwa kula, nimeshindwa kuswali nikatulia.

Athieno amerudi kwenye kimya chake. Anakuja darasani, anasimama pale manila ilipokuwa, anatazama ukuta mtupu. Sajini bado anakuja. Ijumaa iliyopita niliwaandikisha watoto habari za kuku tu. Alisoma mistari yote kwa uvumilivu, kisha akauliza mbona leo hakuna habari ya watu. Amesema Ijumaa hii anataka kusoma habari za watu, na kwa Kiswahili. Nina watoto thelathini na wanane, na kila mmoja ana nyumba. Kesho nalifunga darasa, nitasema ni ugonjwa. Sijui kama atakubali.

Mtumie Ariokot njia ya kuvuka pamoja na mtoto. Swaliki yuko tayari. Na neno lako liwafikie ndugu zako kabla ya Jumapili. Mzee Aboth hana kosa. Wakitaka mwenye kosa, nyumbani kwangu wanapajua, na sitatoka.

Nisalimie shemeji Maloba na watoto mmoja mmoja. Mwambie Dorcas mama yake mdogo wa Tororo anamwombea. Kuomba msamaha kwa barua nimejaribu, nimefuta mara tatu, basi nakuachia.

Ndani ya bahasha utakuta vipande viwili vya manila. Niliikata katikati, baina ya mistari miwili. Cha kwanza ni mwandiko wa Athieno. Kifiche, na akikua mwambie kwamba yeye aliandika kwa lugha ya kwao, lugha ambayo sajini yule hajui hata neno lake moja. Cha pili wapelekee ndugu zako, wakilinganishe na mwandiko wa barua hii.

Ni mimi,
Hajarah